Kipakiti cha Njano

Mambo yaliharibika mjini Liukeng siku ya Jumanne, tarehe kumi na sita ya mwezi wa saba kwa kalenda ya wazee. Asubuhi hiyo dereva Kan Tien-fa alipanga kuku wa kuchemsha, machungwa na bia kwenye meza mbele ya lori lake la taka, namba tano. Akawasha vijiti vya ubani kuwakaribisha ndugu wema, maana ndivyo wanavyoitwa kwa adabu wafu wasio na wa kuwalisha, na mwezi wa saba ni mwezi wao. Halafu akazungusha ufunguo nusu, injini ikiwa kimya, ili lori lipige ule muziki wake wa kuwaita watu watoe taka. Madereva wa yadi ile wanaamini ndugu wema nao huufuata. Muziki ukapiga, ubani ukawaka, na Kan akainama kuchomeka vijiti kwenye bampa. Lori likapasuka.

Ijumaa, baada ya chakula cha mchana, Sajenti Tu Cheng-kuei wa upelelezi alisimama mbele ya meza ya Kamanda Wen na kunyoosha mkono.

"Ufunguo wa yadi, Kamanda."

Kamanda Wen hakuinua macho. Alikuwa anakula mapera yaliyokatwakatwa, anayachovya kwenye unga wa chumvi kipande kimoja kimoja. "Unakwenda kutafuta nini? Picha zimepigwa. Ripoti imeandikwa. Fundi yuko ndani."

"Fundi anasema hakugusa waya."

"Umewahi kumsikia fundi anayesema amegusa?" Kamanda aligeuka, akautoa ufunguo kwenye msumari ukutani nyuma ya kiti chake. Kufuli la yadi lilivunjwa na mshindo, na Jumanne hiyohiyo polisi walifunga geti kwa kufuli lao. "Ni huu mmoja tu. Ukiupoteza utalala getini wewe mwenyewe. Saa kumi nasaini karatasi za fundi ziende kwa mwendesha mashtaka. Kuua kwa uzembe. Mzee Tu, umebakiza mwaka mmoja ustaafu. Usinitafutie makubwa."

"Makubwa yako mochwari," alisema Tu. "Mimi natafuta madogo."

Alishuka ngazi hadi mahabusu. Fundi Fan Chin-mu, ambaye mji mzima ulimwita A-Mu, alikuwa amekaa kitako na boksi la wali halijafunguliwa. Vidole vyake bado vilikuwa na weusi wa grisi ya Jumanne.

"Mke wangu amekwenda kusafishwa damu?" ndilo neno lake la kwanza.

"Su-chin wa picha amempeleka kwa gari lake. Wameshamrudisha nyumbani. Kula."

"Na Jumatatu nani atampeleka?"

Tu alivuta kigoda. Mkuu wa mji alikwishasema mbele ya kamera kwamba kisanduku cha maji alichofungisha kwenye malori mawili ya taka hakina kosa, kosa ni la mtu, na mtu mwenyewe ameshakamatwa. Siku aliyovinunua visanduku hivyo hakusema ni kazi ya mtu. Alisema ni kazi yake.

"Nieleze tena," alisema Tu. "Kisanduku kinafanya nini?"

"Kinapasua maji kwa umeme. Maji yanakuwa gesi. Injini inaivuta gesi, inaungua pamoja na dizeli. Mkuu anasema inaokoa theluthi nzima ya dizeli."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi nilichoona kikipungua ni maji tu."

Tu alicheka puani. "Gesi hiyo inalipuka?"

"Afande, hiyo ni hidrojeni na oksijeni, ziko chumba kimoja, zinangoja cheche. Ndiyo maana waya wa kisanduku niliufunga kwenye swichi ya presha ya oili. Injini isipozunguka, presha hakuna, umeme haupiti, kisanduku kimekufa. Zungusha ufunguo, piga muziki mpaka ndugu wema wacheze. Gesi huipati."

"Jumanne ilipatikana."

"Basi kuna aliyeuhamisha waya. Akiufunga kwenye swichi ya ufunguo, kisanduku kinachemka hata injini ikiwa imezimwa. Gesi inajaa pale chini ya kabini, haina wa kuivuta."

"Jumatatu ulikagua malori. Sahihi ni yako."

"Ni yangu."

"Kisanduku ulikifungua?"

A-Mu aliangalia sakafu. "Kipakiti kilikuwa juu yake. Cha kijani, tarehe haijapita. Lori lilikuwa halisumbui. Sasa nani anakiinua, Afande? Ukikiinua si unaichokoza mashine?"

Tu aliijua hoja hiyo. Kila mashine Liukeng ilikuwa na kipakiti chake cha kijani cha bisi za mahindi, hakijafunguliwa, kimekaa juu yake ili itulie na kutii. Hata kompyuta ya kituo ilikuwa nacho. Siku askari mmoja wa zamu alipokila, mtandao ulikatika mpaka asubuhi, na tangu hapo hakuna aliyebisha tena.

"Ungekiinua," alisema Tu taratibu, "ungeuona waya."

"Najua. Unadhani kwa nini siwezi kula?"

"Jumamosi yalipofanyika maonyesho ya mkuu, ulikuwa wapi?"

"Hospitali, na mke wangu. Niliomba ruhusa. Katibu wa mkuu akaniambia hata nisipokuwepo haidhuru, mhandisi wa kampuni ya visanduku amekuja."

Tu alisimama. Mlangoni akageuka. "Kula wali huo, A-Mu. Mahakamani hawampi mtu pole kwa kukonda."

Nje, jua lilikuwa kali na mji ulinuka. Malori mawili kati ya yote yalikuwa hayatoki, na mifuko ya taka ilirundikana kwenye kona za barabara ikivuja. Bibi mmoja alimfokea Tu kutoka dirishani aende na mifuko yake kituoni ampe kamanda. Tu alimpungia mkono kwa heshima na kuendelea.

Pan Su-chin, mpiga picha wa polisi, alikuwa akimngoja kwenye geti la yadi na chupa mbili za chai baridi. Alikuwa mama wa makamo mwenye mabega mapana na mdomo usiopumzika.

"Kaka Tu, umenenepa au ni shati limerudi?"

"Shati. Fungua macho, acha mdomo."

Alifungua kufuli, wakaingia. Lori namba tano lilikuwa chuma kilichokunjamana. Kisanduku chake kilisambaratika vipande vipande, na waya aliokuwa akiuzungumzia A-Mu haukuwepo tena duniani. Hapo hapakuwa na cha kumsaidia mtu. Lakini hatua chache kando yake lilisimama namba mbili, lenye kisanduku kama kile kile, kioo chake cha kuonea maji kimepasuka kidogo tu.

"Hili nalo lilikuwa kwenye maonyesho?" aliuliza Tu.

"Yote mawili. Mkuu alisimama hapa katikati, na shada la maua kifuani. Nilikuwa nalinda. Nilipiga makofi mpaka viganja vikauma, tuliambiwa tupige." Su-chin alionyesha kile kioo. "Alinyoosha kidole, akasema tazameni, maji yanageuka kuwa nguvu. Na kweli mapovu yalikuwa yanapanda."

"Injini ilikuwa inanguruma?"

"Ilikuwa..." Chupa ya Su-chin ilisimama njiani kwenda mdomoni. "Hapana. Nilimsikia kila neno. Namba tano ikinguruma husikii hata mkwe wako."

"Mapovu yanapanda na injini imezimwa."

"Basi waya ulikuwa umehamishwa Jumamosi."

"Ili waandishi waone mapovu na mkuu asikike." Tu alichuchumaa kwenye kisanduku cha namba mbili, akamulika kwa tochi. "Halafu hakuna aliyeurudisha. Jumatatu malori yakatoka, injini inazunguka, gesi inavutwa, hakuna lililotokea. Jumanne Kan akazungusha ufunguo apige muziki."

"Sasa huo waya wa namba mbili uko kwenye swichi gani?"

Tu aliufuata kwa kidole. Ulikwenda moja kwa moja kwenye swichi ya presha ya oili, mahali pake halali. Su-chin akashusha pumzi.

"Basi tumekwisha. A-Mu amekwisha."

"Ngoja." Utepe uliozungushiwa ule waya ulikuwa mpya, unang'aa, huku utepe mwingine wote ukiwa umekauka na kujaa vumbi. Na skrubu ya swichi ya ufunguo, iliyotakiwa kuwa na kutu miaka nenda rudi, ilikuwa na mikwaruzo myeupe ya bisibisi. "Waya huu umekwenda na kurudi. Swali ni umerudi lini."

Su-chin hakumsikiliza. Alikuwa anatazama juu ya kisanduku, uso umekunjamana kana kwamba ameona mtu amevaa viatu kitandani.

"Nani ameweka cha njano juu ya mashine?"

Tu aliinua tochi. Kipakiti kilikuwa pale, kizima, kimefungwa uzi mwekundu. Na kilikuwa cha njano.

"Huyu si mtu wa hapa," alisema Su-chin. "Ni yule mhandisi wa kampuni. Watu wa Taipei wanaishi kwenye lifti, wanajua nini?"

"Mhandisi alipanda ndege Jumapili kwenda Japani, mpaka sasa hajarudi. Na Taipei nako mtoto wa chekechea anajua mashine ni kijani." Tu alinyoosha mkono. "Simu yako. Picha za Jumanne."

"Nilipiga namba tano."

"Wewe hupiga mpaka paka wa jirani. Nionyeshe."

Su-chin alipekua, akapita chuma, damu, meza ya sadaka iliyopinduka, kuku kwenye mchanga. Halafu akasimama, akaikuza picha kwa vidole viwili. Pembeni ya picha, lori namba mbili, kisanduku, na juu yake kipakiti. Cha kijani.

Walitazamana.

"Ulipiga hii saa ngapi?"

"Jioni, tukiwa tunafunga. Baada ya hapo tukatia kufuli tukaondoka."

"A-Mu alikuwa wapi jioni hiyo?"

"Ndani. Tulimchukua mchana, mimi mwenyewe nilimpiga picha ya mahabusu." Su-chin aliweka chupa chini polepole. "Kaka Tu. Aliyekiinua kile cha kijani amekiinua A-Mu akiwa tayari ndani."

"Na aliyerudisha waya alijua kilichomuua Kan hata kabla ya sisi kujua." Tu alivaa glavu, akakitia kipakiti kwenye mfuko wa plastiki. "Piga kila kitu. Skrubu, utepe, vumbi. Ukimaliza usipitie kituoni. Nenda nazo moja kwa moja kwa mwendesha mashtaka, umkabidhi mkononi."

"Bila Kamanda kuona?"

"Kamanda ana mapera yake."

"Na cha njano kimetoka wapi?"

Cha njano huwekwa penye fedha. Hilo halikuhitaji upelelezi. Mjini Liukeng fedha zilikuwa benki, posta, na kwenye dirisha la ushuru katika ofisi ya mkuu wa mji, na ofisi hiyo ilikuwa ng'ambo tu ya barabara, inatazamana na geti la yadi. Tu alifunga kufuli, akavuka.

Nyuma ya dirisha la ushuru alikaa Bi Shih Mei-chu, feni inampulizia shingo. Juu ya mashine ya kuhesabia noti palikuwa na kipakiti cha njano, kipya kabisa, kimefungwa uzi mwekundu kwa fundo lenye masikio mawili.

"Shemeji Tu. Umekuja kulipa faini ya kupaki?"

"Nimekuja kusifia kipakiti chako. Kipya?"

"Nisingetaka kiwe kipya. Cha zamani kimeliwa, tena usiniulize na nani."

"Nakuuliza."

Bi Mei-chu alitazama kushoto, akatazama kulia, akaegemea kioo kwa furaha ya mtu aliyeisubiri nafasi hiyo. "Katibu Yen. Juzi Jumatano, jioni tunafunga. Anapita mbio, suruali ina vumbi magotini, anakinyakua. Namuuliza, Katibu, vipi? Anasema njaa. Mtu na akili zake, na pale chini kuna duka. Kesho yake mashine yangu ikatafuna noti mbili. Nani atazilipa? Mimi. Yeye hata samahani hana."

"Uzi huu mwekundu unafunga wewe?"

"Nani mwingine ana mkono huu?"

Tu alipanda ghorofani. Katibu Yen alikuwa mtu mwembamba, shati limenyooshwa mpaka linakata, na seti yake ya chai imepangwa kama ya maonyesho. Alimkaribisha, akamimina, akauliza habari za kustaafu. Tu alikunywa kikombe cha kwanza, na cha pili. Feni ilikuwa inazunguka.

"Katibu," alisema mwishowe, "unasemekana ulishikwa na njaa Jumatano."

Yen alicheka. "Mei-chu ana redio mdomoni. Ndiyo, nilikila. Nitamnunulia kingine."

"Kilikuwa na ladha gani?"

"Ladha?"

"Ulikila. Kilikuwa na ladha gani?"

"Nazi," alisema Yen. "Si ndiyo ladha yake."

"Nazi ni cha kijani. Cha njano ni viungo." Tu alitia mkono mfukoni, akaweka ule mfuko wa plastiki kati ya vikombe. Kipakiti kizima, uzi mwekundu, fundo la masikio mawili. "Hiki hapa. Bado kimeshiba."

Chai ilimwagika kidogo kwenye trei. Yen alichukua kitambaa, akapangusa mahali palipokuwa tayari pakavu.

"Kimepatikana wapi?"

"Unajua kilipopatikana. Kile cha kijani ulikifanya nini?"

Chini barabarani pikipiki zilipita.

"Nilikikanyaga," alisema Yen. "Nilikiweka chini nikifungua kisanduku, nikarudi nyuma, kikapasuka."

"Ungeondoka zako."

"Niache mashine tupu? Baada ya yaliyompata Kan?" Yen alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Na dukani wangeniona nanunua. Nikakumbuka cha Mei-chu. Nilijua si rangi yake, lakini bora hicho kuliko..."

"Jumamosi waya alihamisha nani?"

"Mhandisi. Mkuu alisema injini inampigia kelele, hasikiki. Mhandisi akasema ni kazi ya dakika mbili. Tungeurudisha baada ya maonyesho, lakini ikawa chakula cha mchana, zikawa picha, kila mtu akadhani mwenzake amerudisha."

"Na Jumanne?"

"Tuliposikia mshindo tulijua."

"Tulijua. Wewe na nani?"

Yen alisogeza kikombe kimoja kikae sawa na vingine.

"Mkajua, mkamwangalia A-Mu anafungwa pingu. Mke wake anasafishwa damu mara tatu kwa wiki, Katibu. Hukujua na hilo? Wewe ndiye uliyempa ruhusa."

"Ulikuwa waya tu," alisema Yen, sauti imeshuka.

"Getini uliingiaje?"

"Pa..." Yen alisita. "Palikuwa wazi."

"Pana kufuli la polisi."

"Nilikuta linaning'inia. Niliambiwa nitakuta wazi, na nikitoka nilibane."

"Uliambiwa na nani?"

Katibu Yen aliweka kitambaa chini, akakikunja pande nne. Rangi ilikuwa imemtoka usoni, lakini mdomo ulifungika sawasawa, kama wa mtu aliyekumbuka ghafla kuna anayemwogopa kuliko polisi. "Nataka wakili," alisema.

Tu aliita askari aje kusimama mlangoni, akarudi kituoni kwa miguu, haraka kuliko umri wake. Kwenye korido A-Mu alikuwa amekwishatolewa. Alikaa kwenye benchi, pingu mkononi, boksi la wali limeliwa nusu pembeni yake. Nje gari la kumpeleka lilikuwa linapasha injini.

"Afande," alisema A-Mu, "nimekula."

"Umefanya vizuri. Kaa hapohapo."

Ofisini, Kamanda Wen alikuwa na kalamu mkononi na karatasi mbele yake. Sahani ya mapera ilikuwa tupu. Tu hakuketi. Aliweka kipakiti mezani, kando yake simu yenye picha ya Jumanne aliyotumiwa na Su-chin, akaeleza. Hakuongeza neno. Mapovu bila injini. Skrubu iliyokwaruzwa. Kijani Jumanne jioni, njano Ijumaa, na fundi akiwa ndani muda wote huo. Katibu Yen, magoti yenye vumbi, ladha ya nazi.

Kamanda alisikiliza mpaka mwisho. Kalamu haikugusa karatasi.

"Mwendesha mashtaka ameziona picha hizi?"

"Su-chin yuko ofisini kwake sasa hivi."

"Ulimtuma bila kuniuliza."

"Ulikuwa unakula."

Kamanda alizitazama karatasi za A-Mu kwa muda. Halafu akaifunika kalamu, akazisukuma pembeni, taratibu, kama sahani ya chakula kilichopoa. "Mwambie dereva azime gari. Mvueni pingu, arudi kwa mke wake. Umeridhika? Yen ameeleza, mhandisi atatafutwa. Kesi imekwisha, Mzee Tu. Nenda nyumbani."

Tu hakuenda. Alizunguka meza, akapita nyuma ya kiti cha Kamanda, akautundika ufunguo wa yadi kwenye msumari wake. Ukayumba, ukatulia. Nje muziki wa lori la taka ulisikika, lori la kuazima kutoka mji wa jirani, na barabara nzima milango ikafunguka, watu wakatoka mbio na mifuko yao. Mle ofisini hakuna aliyesogea.

"Kufuli letu halikuvunjwa, Kamanda," alisema Tu. "Lilifunguliwa. Ufunguo ni huu mmoja, umeniambia mwenyewe, na unakaa hapa, nyuma ya mgongo wako. Jumatano jioni nani aliutoa?"